Kura za Mrema hazikuwa za chama chochote

Kila msimu wa uchaguzi ukikaribia lazima wabongo waanze ule ubishi wa mpinzani gani aliikaribia Ikulu kuliko wote, huyu anasema Mrema 1995, yule anasema Slaa 2010, mwingine anakuja na Lowassa 2015 na karibu asilimia 40 yake, watu wanatukanana hapo mpaka simu zinaisha chaji. Mi ubishi huo sina shida nao ila naona kila tukimtaja Mrema tunaongelea urais tu, wakati ukitaka kumwelewa yule mzee inabidi umwangalie kama mbunge. Majimbo matatu, vyama vitatu, na katikati hapo safari tatu za kutafuta Ikulu ambazo kila moja ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia.

Kwa mliozaliwa juzi. Augustino Lyatonga Mrema, mtu wa Kiraracha kule Marangu, alizaliwa 1944, akawa mwalimu, akapita Usalama wa Taifa, miaka ya themanini akaingia Bungeni kupitia Moshi Vijijini kwa CCM, enzi ambazo hakukuwa na chama kingine. Angeishia hapo leo tusingekuwa tunamzungumzia. Kilichomtoa ni mwaka 1990 Rais Mwinyi alipompa Wizara ya Mambo ya Ndani, hapo ndo nchi ikamjua Mrema. Siku saba! Mkurugenzi hajalipa wafanyakazi, siku saba. Mwanaume katelekeza watoto, siku saba. Tajiri anadaiwa, siku saba. Watu walikuwa wanajazana kwake na shida zao za nyumbani kama vile wizara ni baraza la wazee, na yeye anawasikiliza, afu anatoa amri palepale.

Sasa ukiuliza kisheria hizo siku saba zilitoka wapi hupati jibu la maana, na kwakweli mi nikikumbuka leo naona ilikuwa hatari kidogo, waziri anayehukumu kwenye korido. Lakini mwananchi aliyezungushwa na ofisi miaka minne hakutaka kifungu cha sheria, alitaka mtu wa kumwambia mkubwa fulani alipe. Mrema alikuwa huyo mtu. Mwinyi akampandisha mpaka Naibu Waziri Mkuu, cheo ambacho hata kwenye Katiba hakimo (Biteko alipopewa 2023 kuna watu walidhani ni kitu kipya, kumbe kabla yake kulikuwa na Mrema na kabla ya Mrema kulikuwa na Salim Ahmed Salim).

Mwishoni mwa 1994 akahamishiwa Kazi na Maendeleo ya Vijana, ambayo kila mtu aliielewa kuwa ni kushushwa, na Februari 1995 baada ya kuishambulia serikali yake mwenyewe bungeni kwenye lile sakata la Chavda (mfanyabiashara aliyetuhumiwa kutafuna pesa za serikali) akatoka serikalini, akatoka na CCM, akaingia NCCR-Mageuzi. Ubunge wa Moshi Vijijini ukaenda hapohapo, maana kwetu ukiacha chama umeacha kiti, ibara ya 71 ya Katiba haina mjadala. Kumbukeni hiyo ibara, inarudi mbele.

Mi nilikuwa mdogo sana, tunakaa Temeke, lakini 1995 naikumbuka kwa sababu ya bamdogo. Bamdogo alikuwa anauza mitumba, na alikuwa mmoja wa wale waliosukuma gari la Mrema. Kwa wasiojua, gari halikuwa bovu, lilikuwa zima kabisa, watu waliamua tu kwamba mtu wao hatumii mafuta leo, tutamsukuma wenyewe. Bamdogo alirudi usiku shati limechanika mgongoni, sauti imekauka, mama anamfokea na yeye anacheka tu. Hiyo picha ya mtu mzima kafurahi kwa kusukuma gari la mtu mwingine sijawahi kuisahau.

Matokeo yakatoka, Mkapa asilimia 61.8, Mrema 27.8, yaani kura milioni 1.8 na ushee, tena Mwalimu Nyerere mwenyewe ametoka nyumbani kuja kumnadi Mkapa nchi nzima. Na Dar uchaguzi ulivurugika mpaka ukarudiwa Novemba. NCCR wakapata viti 16 vya majimbo, Kilimanjaro ikawa kama imehama CCM kabisa. Kati ya waliopita na upepo huo ni kijana mmoja anaitwa James Mbatia, akachukua Vunjo. Huyu naye mkumbukeni.

Ila Mrema mwenyewe akabaki mikono mitupu, kwa sababu huku ukigombea urais huruhusiwi kugombea na ubunge. Huo ni mtego ambao umekula wapinzani wengi, Mbowe aliachia Hai 2005, Slaa akaachia Karatu 2010, unamtoa mtu wako mwenye nguvu bungeni unampeleka kwenye mechi ngumu, akishindwa anakaa nje miaka mitano anaangalia Bunge kwenye tivii.

Mrema alibahatika hakukaa miaka mitano. Temeke, mbunge wa CCM aliyeshinda 1995 aliachia kiti kwenye mambo ya vyeti vya shule, na jina lake likageuka msamiati wa mtaani, mpaka leo mtu mwenye elimu ya kuungaunga anaitwa kihiyo. Uchaguzi mdogo ukaitishwa 1996, CCM wakamsimamisha Abdul Cisco Mtiro, NCCR wakamleta Mrema. Mchaga wa Marangu anakuja kugombea Temeke! Leo hii sijui kama ingewezekana, hawa wa sasa wangeanza kuuliza amezaliwa wapi, wazee wa Temeke wanamjua nani. Wakati ule hakuna aliyeuliza. Akashinda vizuri tu.

Na hapa ndo ninapoona hoja yangu yote ipo. Waliompa Mrema Temeke hawakuwa wana NCCR. Nenda kamuulize mtu wa Temeke wa wakati ule sera ya NCCR ilikuwa nini, atakuangalia kama umemuuliza bei ya ndege. Kina bamdogo walimpa Mrema kwa sababu akiwa waziri alionekana kuwa upande wa mmachinga na mama ntilie, basi. Kura ilikuwa ya mtu. Chama kilikuwa ni gari tu la kumfikisha, na ndo maana walikuwa tayari kulisukuma.

Shida ni kwamba wenye chama walikuwa wanajiona ndo wenye kura. NCCR ilikuwepo kabla ya Mrema, ilikuwa na wasomi na wanasheria, kina Mabere Marando, watu waliohangaikia mageuzi wakati yeye bado waziri wa CCM, kwahiyo wakimwangalia wanamwona mgeni aliyekuja na umati. Yeye akiwaangalia anaona watu wasio na umati wanaomfundisha kazi. Ikawa ugomvi usioisha, kamati inamfukuza huyu, huyu anawafukuza wale, kikao cha Tanga 1997 kikaishia kwenye ngumi, kesi mahakamani, mpaka 1999 Mrema akaona isiwe tabu, akabeba watu wake akaenda TLP, chama kidogo tu wakati huo.

Na ibara ya 71 ikarudi. Temeke ikaondoka.

Hebu angalia kilichofuata. Uchaguzi wa 2000 NCCR kutoka viti 16 vya majimbo wakabaki na kimoja. Kimoja! TLP, ambayo kabla ya hapo haikuwa na jimbo hata moja, ikapata vinne, na Vunjo ikiwemo. Yaani watu wa Vunjo walihama na Mrema kutoka chama kimoja kwenda kingine bila hata kutikisika, Mbatia aliyepita kwa NCCR akatolewa, akaingia wa TLP. Kama kuna mtu alikuwa bado anabisha kura ni za nani hapo alipata jibu.

Lakini jibu lenyewe lilikuwa na upande wa pili, maana urais wa 2000 Mrema alipata asilimia 7.8, Lipumba akawa mbele yake, na 2005 alipojaribu tena akapata kura 84,901, hata asilimia moja haifiki. Miaka kumi kutoka milioni 1.8 mpaka elfu 84. Watu wanasema alichujwa na CCM, wengine wanasema alinunuliwa, mi naona maelezo ni rahisi zaidi. Kura ya mtu haina matawi. Haina katibu wa kata, haina balozi, haina kijana wa kulinda boksi Nachingwea. Inaishi kwa kukuona na kukusikia, na Mrema tangu 1999 hakuwa waziri, hakuwa mbunge, siku saba hana mamlaka ya kumpa mtu yeyote. Kilichobaki ni sauti, na sauti peke yake kuifikisha mikoa yote inataka pesa. Chadema walichokuwa wanafanya miaka hiyohiyo, polepole, jimbo kwa jimbo, kata kwa kata, yeye hakuwahi kukifanya, na kwakweli sidhani kama alikuwa na subira nacho.

Kwahiyo 2010 akafanya jambo ambalo mi nalihesabu kuwa la busara kuliko yote kwenye siasa zake, akaachana na Ikulu, akarudi nyumbani Vunjo kugombea ubunge. Na akashinda, kiti pekee cha TLP nchi nzima. Mtu ambaye miaka mitano nyuma kapata chini ya asilimia moja nchi nzima anashinda jimbo, kwa sababu jimbo ni dogo, unaweza kuingia kila soko, kila kanisa, kila msiba, unamsalimia mama kwa jina la mwanae. Kule kura ya mtu bado inafanya kazi.

Bungeni akapewa uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, na ile ya Hesabu za Serikali akapewa Cheyo, kwahiyo wagombea urais wawili wa 1995 wakawa wanakagua vitabu vya serikali ya CCM. Kwa Mrema ilikuwa kama karudi enzi zake, wakurugenzi wa halmashauri wanakaa mbele yake wanatoka jasho. Hakuwa tena na siku saba lakini alikuwa na ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, mkononi, na ukiniuliza mi, ripoti ya CAG ni silaha bora kuliko siku saba, tatizo haipigiwi makofi.

Kisha Mbatia akarudi. Kikwete alimteua mbunge 2012, na kila mtu Vunjo akajua anapolenga. Mrema akaanza kulalamika hadharani, hadi kwenye Bunge la Katiba 2014, kwamba jamaa anamwingilia jimboni. Mi nilimwonea huruma lakini pia nilicheka, Mrema huyu aliyeenda Temeke bila kumuuliza mtu leo analalamika kuingiliwa! 2015 UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, wakakubaliana Vunjo ni ya NCCR, na mzee hakuwa ndani ya UKAWA. Akaachwa mbali. Yule kijana aliyebebwa na upepo wake miaka ishirini nyuma ndiye aliyemtoa, tena kwa tiketi ya kilekile chama alichokikimbia. Akaenda mahakamani, baadaye akaiondoa kesi. Mwaka uliofuata Magufuli akampa uenyekiti wa Bodi ya Parole, waziri aliyekuwa anasweka watu ndani sasa anakaa kupitia nani atoke kabla ya muda, na 2020 TLP yake ikamuunga mkono Magufuli kwenye urais.

Mwaka huohuo Vunjo ikaenda kwa Kimei, yule wa benki, kwa CCM. Nimekaa nikahesabu kuanzia 1995 mpaka hapo 2020: NCCR, TLP, CCM, TLP, NCCR, CCM. Uchaguzi sita, wabunge watano tofauti (Mbatia kaingia mara mbili), na hakuna aliyerudishwa mfululizo. Watu wanasema watu wa Vunjo wasumbufu, mi naona wamejifunza kwa mwalimu wao, wanachagua mtu, wakimchoka wanamtoa, bendera aliyokuja nayo siyo ishu yao.

Mzee alifariki Agosti 2022 pale Muhimbili, bado mwenyekiti wa TLP, cheo alichokaa nacho zaidi ya miaka ishirini. Siku ile nikampigia bamdogo, siku hizi yuko Mbagala, kazeeka, ana kibanda cha vocha. Shikamoo, marahaba, nikampa pole kama vile kafiwa na ndugu, na akaipokea hivyohivyo. Akanisimulia gari tena, lilikuwa jeupe safari hii (kila akisimulia linabadilika rangi). Akasema huyu ndo mwanasiasa pekee aliyewahi kumpenda, wengine wote amewapigia tu.

Nikamuuliza, bamdogo, 2000 na 2005 ulimpa? Akakaa kimya kidogo. Akasema 2000 alimpa, 2005 alienda kituoni akiwa na nia ya kumpa, akafika pale akakunja karatasi kampa mwingine, hajui hata kwa nini. Afu akaniuliza yeye sasa, "Hivi ile TLP kirefu chake ni nini vile?"