Kamera za mwendo zije, za taa nyekundu zisubiri

Mwaka 2024 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 4,700 nchini Kenya, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la wanaotembea kwa miguu. Kila takwimu hizi zikitolewa, dawa inayotajwa ni kamera: gari lipigwe picha, faini imfikie mwenyewe kwa simu. Wapo wanaoshangilia na wapo wanaoona mrija mwingine wa kuwanyonya wananchi. Tatizo ni kwamba tunajadili kamera za aina mbili kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwa upande wa mwendo, hoja ina uzito. Shirika la Afya Duniani linasema anayegongwa na gari lililo kwenye kilomita 65 kwa saa yuko katika hatari ya kufa mara 4.5 zaidi ya anayegongwa kwa 50. Tathmini ya mwaka 2010 iliyokusanya tafiti 35 ilikuta ajali mbaya karibu na kamera zikipungua, kati ya asilimia 11 na 44 zile za kuua na kujeruhi vibaya. Sasa tazama barabara ya Thika pale Roysambu, Nairobi: leni kibao, magari yakichapa mbio, na watu wanaokatiza chini ilhali daraja la miguu liko juu yao. Askari wa trafiki mwenye kifaa cha kupima mwendo anajificha mahali pamoja kwa saa chache, na madereva wanaonyana kwa kumulikiana taa. Akimnasa mmoja, mazungumzo yanaanza, na sote twajua yanakoishia. Kamera hainywi chai.

Wanaoandika mikataba ya kamera, lakini, wanaweza kunywa. Huko Chicago, John Bills, aliyekuwa ofisa wa jiji, alifungwa mwaka 2016 kwa kupokea hongo kutoka Redflex, kampuni iliyouza kamera za taa nyekundu. Mkandarasi akilipwa kwa kila faini, atafurahia vipi madereva wakipunguza mwendo? Alipwe ada moja, kamera iwe na kazi au isiwe nayo.

Halafu kuna swali la nani analipa. Kanuni za Kenya za 2016 kuhusu makosa madogo ya barabarani zinamtoza shilingi 10,000 anayezidisha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20. Picha inaonyesha bamba la nambari, na bamba linampeleka mtu kwa mwenye gari. Mwenye matatu atamkata dereva, naye dereva bado anadaiwa hesabu ya jioni, ile ile inayomfanya akimbie. Magari mangapi yameuzwa bila jina kubadilishwa? Na boda boda yenye bamba lililokunjwa itanaswa vipi? Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kusikizwa, kwa hiyo lazima kuwe na mahali rahisi pa kusema, “Gari hili niliuza.” Haya yote yana ufumbuzi. Hayanitoshi kukataa kamera za mwendo.

Za taa nyekundu ni habari nyingine. Simama Uhuru Highway inapokutana na Kenyatta Avenue watu wanapotoka kazini. Taa ni nyekundu, askari anapunga mkono magari yapite. Taa inageuka kijani, askari yule yule anayasimamisha. Sheria inakutaka umtii yeye. Kamera hapo itawapiga picha watiifu. Hata kwingineko, kamera hizi hupunguza magari kugongana ubavuni lakini huongeza yale ya kugongwa nyuma, kwa kuwa watu hufunga breki ghafla. Na nyuma yako Nairobi, kwa kawaida, kuna matatu.

Ningeanza na barabara ya Thika, Mombasa Road na Outer Ring, kamera zipakwe rangi ya kuonekana na kibao kitangulie mbele yake. Taa za katikati ya jiji ziachwe zijiendeshe bila askari kwa miezi sita, jioni ikiwemo, ndipo tuje tuongee habari ya kuziwekea kamera.