Mharagwe mwitu wa Marekani: spishi moja au tatu?

Phaseolus polystachios ni mharagwe mwitu unaopanda vichaka vya mashariki mwa Marekani, kuanzia Connecticut hadi Florida na magharibi hadi Texas. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuandika mwaka 1753 chini ya jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Dolichos. Mwaka 1888 ndipo ulipohamishiwa Phaseolus, jenasi ya maharage tunayopika. Ubishi uko kwa ndugu zake wawili wa kusini: sinuatus, unaotambaa mchangani, na smilacifolius wa Florida, uliopewa jina mwaka 1896. Wote waliwahi kuhesabiwa spishi kamili, hadi wataalamu wa maharage Freytag na Debouck walipowateremsha mwaka 2002 wakawa nususpishi, yaani matawi ndani ya spishi moja, za polystachios.

Wanaopenda kuunganisha yote matatu kuwa spishi moja wana hoja. Umbo la jani hubadilika kwa udongo na jua. Kila jani la ajabu likipewa jina lake, orodha ya mimea adimu itafura, na fedha za uhifadhi zenyewe ni kiduchu.

Wapinzani wao hujibu kwamba jina likimezwa, na uhaba humezwa nalo. Nani atashtukia mmea ulioenea majimbo tele, hata kama tawi lake la Florida linabanwa na nyumba na barabara? Benki za mbegu nazo hukusanya kwa kufuata majina: zikipata sampuli chache za polystachios, pengo huonekana limezibwa.

Kinachosahaulika ni sheria. Ile ya Marekani ya mwaka 1973 kuhusu viumbe vilivyo hatarini huilinda nususpishi ya mmea kama spishi kamili. Isichokubali ni kulinda mimea ya eneo moja tu isiyo na jina lake. Nafasi hiyo wamepewa wanyama wenye uti wa mgongo peke yao. Kwa hiyo kushuka hadi nususpishi hakujaleta hasara kubwa. Hasara itakuja siku atakapotokea wa kuyafuta kabisa majina hayo mawili.

Mimi nawaunga mkono Freytag na Debouck, kwa sharti moja: mbegu zikusanywe kwa mahali, si kwa jina. Mmea huu una mzizi mnene unaochipua tena baada ya baridi, na ni jamaa wa fiwi, Phaseolus lunatus. Watafiti wameshaichavusha miwili hiyo ili kupata chotara. Ila mbegu iliyogandishwa benki haipambani na fangasi wapya, kwa hiyo haijifunzi kuwastahimili. Vichaka vya Florida vinatakiwa kubaki vimesimama.