Mkandarasi Aliyekua Ni Yupi?

Nimesoma tangazo la mkandarasi mmoja wa kuchimba nguzo za msingi, zile za zege zinazozama ardhini kubeba jengo, na limenikera tangu juzi. Anasema kampuni imekua. Ushahidi wake ni picha za mitambo mipya iliyopangwa safu. Nimelisoma mara mbili nikitafuta mahali anapoeleza shimo likianza kubomoka vijana wake hufanya nini. Hakuna.

Kwenye udongo ulioshikana kila mtu ni hodari. Njoo kwenye mchanga uliojaa maji. Ukiichomoa ndoo ya kuchimbia kwa pupa, inavuta kama bomba la sindano na kuta zinaporomoka. Ukiacha uji wa bentonaiti, udongo laini uliokorogwa na maji ili kuzuia kuta za shimo, ushuke usiku hadi usawa wa maji ya ardhini, asubuhi huna shimo. Na ukimwaga zege, ncha ya bomba la kumwagia lazima ibaki imezama ndani ya zege muda wote. Ikichomoka mara moja tu, tope linaingia katikati na nguzo imekatika, huko chini asikoona mtu. Jengo litapandishwa juu yake hivyo hivyo.

Kuna saiti niliyowahi kufanya kazi, opereta wetu alikuwa mzee mmoja mpole. Siku hiyo keekee iligonga kitu kigumu, msimamizi akafurahi: mwamba huo, tufunge shimo. Mzee akazima mtambo, akakaa kimya, akauwasha tena na kusikiliza. "Hili ni jiwe tu, bosi. Mwamba haulii hivi." Walibishana karibu saa nzima. Tukalitoboa, na chini yake tukakuta mfinyanzi laini wa kubonyea kidole. Nguzo ile ingesimama juu ya jiwe linaloelea kwenye tope.

Nakubali, mtambo dhaifu hautoboi itale, na bila mtaji hakuna mtambo. Sawa.

Lakini kuishia juu ya mwamba bila kuufikia kuna gharama yake. Jengo la Millennium Tower la San Francisco, Marekani, ghorofa 58, nguzo zake ziliishia kwenye mchanga, mwamba ukiwa chini zaidi. Huo ulikuwa uamuzi wa usanifu, simlaumu aliyezishusha nguzo. Kufikia 2016 lilikuwa limezama takriban sentimita 40, na baadaye zikachimbwa nguzo mpya 18 hadi mwambani, kando ya jengo ambalo watu tayari wanaishi.

Kwa hiyo mkandarasi akiniambia amekua, naomba daftari lake la mashimo. Shimo lipi lilimshinda, alisimama mita ya ngapi, alimwambia nani. Naomba pia kujua opereta wake wamekaa naye miaka mingapi na nani anajifunza pembeni yao.

Mzee wetu alistaafu bila kupewa mwanafunzi hata mmoja. Kiti chake alikalia kijana aliyefundishwa siku tatu, wiki ileile mtambo mpya ulipoletwa.