Sanduku Lililomfukuza Kijana

Swali la tatu la mtihani nililisoma huku natabasamu, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Sanduku la kilo 40 limekaa sakafuni. Namba ya msuguano tuli, ule wa kitu kisichosogea, kati yake na sakafu ni 0.5. Kijana analisukuma kwa nguvu ya nyutoni 150, nalo haliendi. Kani ya msuguano ni kiasi gani?

Nikajisemea, hili ni la bure. Kanuni nilikuwa nimeikariri mpaka naiimba bafuni: chukua kani ambayo sakafu inalibebea sanduku, zidisha kwa namba ya msuguano, basi. Kilo 40 mara 10 ya mvutano wa dunia, nyutoni 400. Mara 0.5, nyutoni 200. Nikapiga mistari miwili chini ya jibu, nikaegemea kiti na kuwaonea huruma wenzangu waliokuwa bado wanatafuna kalamu.

Karatasi ikarudi na sifuri, na pembeni ya sifuri kuna hesabu ya wino mwekundu ndefu kuliko yangu. Mwalimu wetu wa fizikia ana ubaya mmoja. Hakukosoi. Anakubaliana na wewe mpaka ujute mwenyewe.

"Mwenzenu anasema kijana anasukuma mbele kwa 150 na msuguano unarudisha nyuma kwa 200," akatangaza mbele ya darasa zima. "Haya, tumkubalie. Zinabaki nyutoni 50 kuelekea kwa kijana. Gawanya kwa kilo 40, mchapuko, ile kasi inayoongezeka kila sekunde, ni 1.25. Yaani sanduku lilikuwa limejikalia zake, likaguswa, likakasirika, likaanza kumfukuza kijana. Baada ya sekunde 4 lina kasi ya mita 5 kwa sekunde. Jamani, mwambieni huyo kijana akimbie!"

Jina langu la ubatizo likafa siku hiyo. Nikawa Sanduku.

Darasa lilipomaliza kucheka ndipo akaeleza. Msuguano tuli hulipa kadiri unavyodaiwa. Sukuma kwa 10, utakurudishia 10. Sukuma kwa 150, utakurudishia 150. Ile 200 ni mwisho wa uwezo wake tu. Maelezo safi kabisa, lakini mimi nilikuwa nimeshanuna, na aliyenuna hasikii. Nikaamua kwenda kuhakikisha mwenyewe nyumbani.

Chumbani kwangu kuna kabati la nguo, na juu yake kuna begi la safari lililojaa vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka. Nikachukua mizani ya kupimia uzito, ile ya kusimama juu, nikaisimamisha wima katikati ya viganja vyangu na ubavu wa kabati. Hesabu ilikuwa rahisi: mshale ukisoma kilo 15, nasukuma kwa nyutoni 150. Nilijiona mwanasayansi.

Kilo 5, kabati kimya. Kilo 10, kimya. Mshale ulipokaribia 17 nikahisi kitu kinasogea, nikafurahi, kumbe kinachosogea ni mimi. Nilikuwa nimevaa soksi, na sakafu ni ya vigae. Miguu ikaondoka kuelekea mlangoni taratibu, kwa heshima, huku mikono imebaki kabatini, nikawa narefuka kama kivuli cha jioni mpaka kidevu kikagusa sakafu.

Nikiwa pale chini akili ikaniangazia. Kabati limenisukuma! Sheria ya tatu ya Newton, ile aliyoichapisha 1687: nikilisukuma kwa 170, nalo linanisukuma kwa 170. Tofauti ni nani ana sakafu inayomshika zaidi, na mwenye soksi hakuwa kabati.

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikavua soksi. Safari hii vidole vya miguu vikang'ata vigae, mshale ukapanda 20, 25, 28, halafu kabati likaachia ghafla, maana msuguano wa kitu kinachotembea huwa mdogo kuliko wa kitu kilichotulia, na mimi nilikuwa bado nasukuma kwa ile nguvu ya mwanzo. Kabati likaenda, nami nyuma yake. Begi la juu halikuwa na mpango wa kusafiri. Likabaki pale pale hewani lilipokuwa, likakuta chini yake hakuna kabati ila kuna kisogo changu.

Mama akafungua mlango.

"Ni nini hiki?"

"Sheria ya kwanza, Mama. Kitu kilichotulia hupenda kuendelea kutulia."

"Na sheria ya nyumba hii unaijua?"

Kesho yake asubuhi nikamwahi mwalimu, shingo imekakamaa upande mmoja, nikadai alama zangu. Nikamsimulia yote, soksi, vigae, begi, nikamalizia kwamba sanduku kweli humsukuma kijana. Akanisikiliza kwa makini ya kutisha. "Ni kweli linamsukuma," akasema, "kwa nyutoni 150. Wewe uliandika 200. Na nilikuuliza msuguano wa sanduku na sakafu, sikukuuliza habari za kijana." Alama hazikuongezeka hata moja, ila nilimwona anauma mdomo asicheke.

Mtihani wa mwisho wa muhula ukaja na sanduku lile lile. Kilo 40, msuguano tuli 0.5, wa mwendo 0.4, kijana anasukuma kwa nyutoni 250. Tafuta mchapuko. Nikacheka moyoni. Mara hii hunipati. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: msuguano hulipa kadiri unavyodaiwa, kwa hiyo ni 250, mchapuko ni sifuri, sanduku limetulia.

Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika kwamba 250 imeshapita kikomo cha 200, sanduku linatembea, msuguano umeshuka mpaka 160, zimebaki 90, mchapuko ni 2.25. Chini yake, kwa wino ule ule mwekundu:

"Sanduku, ulivua soksi?"