Harusi za Kijana Wetu

Ukiona kamati ya harusi imekupa ukatibu, ujue wamekupima wakaona mfukoni hamna kitu ila mwandiko unasomeka. Ndivyo nilivyoupata mimi ukatibu wa harusi ya mpwa wangu. Nikaanza kuandika ahadi za watu kwenye kaunta buku. Mwenyekiti akalifungua, akalifunga. "Katibu, siku hizi watu wanatumiwa PDF."

Nilikuwa na laki nne na nusu ya kununulia laptopu. Mdogo wake bwana harusi anasoma mambo ya kompyuta chuoni, akanipa masharti kwa simu. Nayaweka hapa kwa sababu yalikuwa masharti mazuri, na yaliyotokea baadaye hayamhusu.

"Anko, usinunue rangi wala stika. Ingia kwenye mipangilio usome jina la prosesa. Ukikuta i5-8350U, hiyo 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Chini ya cha nane Windows 11 haiikubali, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. RAM iwe GB 8. Diski iwe SSD, hata ya GB 256 inakutosha. Ukichukua yenye diski ya zamani ile inayozunguka, utawasha mashine uende ukapike chai, unywe, uoshe na kikombe. Halafu chomoa chaja, uone betri inakaaje."

Nikashuka Gerezani, nikakata kuelekea Mtaa wa Aggrey. Sijafika popote nikadakwa na winga. Kwa asiyeijua Kariakoo: winga hana duka, ana mdomo. Anakupeleka kwenye duka la mtu, na cha juu chake kinaingia kwenye bei kabla hujasalimiana na mwenye mali.

"Kiongozi, laptopu? Kuna mzigo wa Ujerumani umeshuka jana, bado una baridi ya Ulaya."

Nikaikagua. Kizazi cha nane, sawa. RAM 8, SSD, sawa. Chaja ikachomolewa, nikasimama kuitazama asilimia ya betri kama mtu anayesubiri dripu ya mgonjwa iishe. Ikashuka kistaarabu. Kwenye kibodi nikaona herufi zilizovaa nukta mbili kichwani, ä, ö na ü, nikauliza.

"Hizo ni zao wenyewe, bosi. Wewe hutazihitaji."

Hapo alisema kweli kabisa.

"Jaribu kuandika," akasema mwenye duka. "Andika hata timu yako."

Nikaandika Simba. Kwenye kioo ikatokea Simba. Nikalipa. Ningekuwa shabiki wa Yanga, mambo yote yangeishia pale pale dukani.

Usiku nikakaa na barua ya mwaliko wa kikao na michango. Mimi ni mtu wa kudonoa: kidole kimoja, macho kwenye kibodi, na herufi naitafuta mpaka niione. Programu ya kuandikia ikapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, lakini hiyo ni kawaida yake, Kiswahili haikijui. Hata neno "sisi" inalipigia mstari. Sikuwa na sababu ya kuijali. Nikageuza PDF, nikatupia kwenye kundi la WhatsApp la familia zote mbili, nikalala.

Asubuhi simu ilikuwa ya moto. "Wayayi" wa pande zote mbili walikuwa wamealikwa. "Myee" mwenyekiti alikuwa amesalimiwa kwa heshima zote. Kuna aliyefika kwenye bajeti ya "vinzwaji" akauliza kama katibu ameshaanza kuionja. Baba mkubwa wa bibi harusi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliandika mstari mmoja tu: "'Fedha ya mchango'? Ngeli umezitupa wapi, Katibu?"

Hayo yote yangepita. Kilichowasha moto ni ujumbe wa sauti wa shangazi wa bibi harusi.

"Hayo mamyee na mavinzwaji tumesamehe, mkono umeteleza. Lakini hapa juu pameandikwa 'harusi za kijana wetu', tena 'siku za Jumamosi', na hapa sioni herufi iliyoteleza. Tunaomba kuelezwa. Mtoto wetu anaolewa wa ngapi, na hizo Jumamosi nyingine anaolewa nani?"

Dada yangu akanipigia. Hakunisalimia. "Mwanangu umemuoza wake wangapi?"

Kikao cha dharura kikakaa kwa mwenyekiti jioni hiyo hiyo, mshenga akiwa katikati kama kawaida, na laptopu ikawekwa mezani kuwa kielelezo. Mpwa wangu wa chuo akaeleza: kwenye kibodi ya Wajerumani Z imekaa mahali ambapo kwenye ya Kiingereza inakaa Y, na Y imeenda kule kwa Z. Duka lilifuta Windows ya Kijerumani likaweka ya Kiingereza, vibonye vikabaki vile vile. Ukibonyeza Z inatoka Y, na ukibonyeza Y inatoka Z. Wazee wakamtazama kama wakili aliyelipwa.

Mwalimu mstaafu akavaa miwani, akaivuta mashine, akaandika "mwalimu". Ikatoka "mwalimu", safi.

"Mbona kwangu haikosei?" akauliza.

Nikajua nimekwisha. Shangazi akasogea. Akaandika cheo chake, polepole, herufi moja moja, akikitaja kila kibonye kwa sauti. Ikatokea "shangayi". Akarudia. Shangayi. Mwenyekiti, ambaye ni Yanga damu, akaandika ya kwake, akapata "Zanga", akaisukuma laptopu mbali. "Hii imetengenezwa Msimbazi."

Mpwa wangu akaingia kwenye mipangilio, akachagua kibodi ya Kijerumani, herufi zikarudi makwao. Hata dakika haikuisha. Nikaandika barua upya, mwalimu akaipitisha, Shangazi akaisoma mara mbili ndipo ikatumwa kwenye kundi.

MC hakuwemo kwenye kundi. Alikuwa ametumiwa barua usiku ule wa kwanza, na hakuna aliyemkumbuka tena. Siku ya harusi, ukumbi umejaa, bibi harusi ameketi, MC akashika kipaza sauti, akafungua simu yake: "Ndugu wageni waalikwa, karibuni sana katika harusi za kijana wetu!"

Shangazi akageuka, akaanza kunitafuta meza kwa meza.