Kihisi Kimoja, Nyumba Mbili

Kihisi cha mtetemo kina sifa moja inayokitofautisha na kile cha sumaku, nayo ni kwamba hakisubiri dirisha lifunguliwe. Kile cha sumaku kina vipande viwili, kimoja kwenye fremu na kingine kwenye dirisha lenyewe, na hupiga kelele pale tu vipande hivyo vinapoachana. Mwizi akivunja kioo na kupenya katikati, vipande hubaki vimekaa pamoja kwa amani huku nyumba ikihamishwa kimya kimya. Cha mtetemo husikia pigo lenyewe. Ndani ya aina niliyonunua mimi mna kisahani chembamba cha shaba kilichobandikwa duara jeupe la kauri, ambalo likitikiswa hutoa umeme kidogo sana. Jambo hilo ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha kwa kutumia fuwele mwaka 1880, bila kujua kwamba siku moja litanifanya nishukiwe wizi na mzee ninayemwamkia kila asubuhi.

Kufunga kifaa chenyewe hakukuwa na taabu. Nilifuta fremu ya dirisha la sebuleni kwa spiriti, nikaiacha ikauke, nikabandua karatasi ya gundi yenye kunata pande mbili, kisha nikakikandamiza kihisi kwa dole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe. Betri yake ni ile bapa ya mviringo iitwayo CR2032, jina ambalo limebeba vipimo vyake, kwani kipenyo chake ni milimita 20 na unene ni milimita 3.2, hivyo ndivyo vipimo vinavyofaa hasa kwa kitu kinachokusudia kubingirika na kujificha chini ya kabati, nako ndiko ilikokwenda. Hatimaye ilipatikana, ikatiwa mahali pake, na taa ndogo nyekundu ikakonyeza.

Kilichobaki kilikuwa ni kurekebisha wepesi wa kuhisi. Kuna skrubu ndogo ndani ya kifuniko, inayozungushwa kwa bisibisi nyembamba: upande mmoja kihisi kinakuwa kizito wa kusikia, upande wa pili kinashtuka hata kwa kikohozi. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Unaliwasha kwa rimoti lile sanduku kuu linalopokea habari, unagonga dirisha, unatazama taa ya sanduku, unazima, unazungusha skrubu kidogo, unawasha tena. King'ora kilichokuja na seti hiyo kiliandikwa desibeli 120, kiwango ambacho sikio hulipokea kama maumivu na si kama sauti tena. Kwa hiyo, kwa kumheshimu jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, mzee mstaafu anayependa utulivu, nilikifunga king'ora ndani ya blanketi nene na kukiweka kwenye droo. Naomba msomaji aikumbuke heshima hiyo.

Niliwasha. Nikagonga kioo kwa mpini wa bisibisi. Taa ya sanduku langu ikawaka vizuri, droo ikanung'unika kwa mbali, na papo hapo upande wa pili wa ukuta ukazuka ukelele wa kupasua bati, ukifuatiwa na mwangwi hafifu kutoka nyuma ya nyumba zetu. Nilimsikitikia Mzee. Nikamwambia mke wangu kwamba inaonekana jirani naye amefunga alamu, na kwamba pengine ameingiliwa na paka. Kabla sijamaliza kusema, taa ya sanduku langu ilizimika yenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kukishuku kifaa. Niliwasha tena, nikagonga tena, ukelele ukazuka tena kule, na sekunde chache baadaye sanduku langu likajizima. Baya zaidi ni kwamba nilipoliwasha na kukaa mbali na dirisha, mikono mapajani, taa iliwaka bila mtu kugusa chochote. Nikahitimisha kwamba kihisi ni chepesi kupita kiasi. Nikazungusha skrubu upande wa uzito. Taa ikawaka. Nikaizungusha zaidi. Nikawakataza watoto kutembea. Mke wangu aliyekuwa akipanga vyombo aliombwa avipange kwa huruma, akaniuliza kama na kupumua kumepigwa marufuku, nikamjibu kwamba kwa sasa apumue taratibu. Skrubu ilipofika mwisho kabisa, mahali ambapo kwa haki kihisi kingestahili kulala hata kikipigwa nyundo, sanduku liliwaka tena kwa kishindo ambacho hakuna aliyekisikia nyumbani mwetu.

Niliona ni busara kujaribu kutokea nje, kwa kuwa mwizi naye hagongi akiwa sebuleni. Nikatoka na bisibisi yangu, nikainama chini ya dirisha, nikawa nagonga fremu sehemu mbalimbali, juu, pembeni, karibu na bawaba, huku nikichungulia ndani kupitia kioo kuona taa inasemaje. Nikiwa katika hali hiyo nikasikia kikohozi nyuma yangu. Mzee alikuwa amesimama na fimbo mkononi, shati limefungwa vishikizo kwa kurukwa kimoja, rimoti ikichungulia mfukoni.

"Shikamoo, Mzee," nilisema, nikijitahidi kuificha bisibisi, jambo ambalo halijawahi kumsaidia mtu yeyote aliyeinama dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Hilo ni dirisha lako?"

"Ni langu, Mzee."

"Sasa mbona hupiti mlangoni?"

Nilimweleza kwamba nafunga kifaa cha kuzuia wezi. Alinitazama kwa muda, kisha akaniambia kwamba nimefanya vema, kwa sababu mtaani mwetu ameingia mwizi wa ajabu. Mwizi huyo, alisema, hugonga mlango wake, king'ora kinalia, naye anatoka mbio akiwa na fimbo na kuubamiza mlango nyuma yake, lakini haoni mtu. Akirudi ndani na kuzima kelele kwa rimoti, akikaa kitini tu, sanduku lake linajiwasha lenyewe kwa mlio mfupi ambao mkewe anaapa kuwa ni dalili mbaya, na baada ya muda mfupi mwizi anagonga tena.

"Ni mvumilivu sana," alisema Mzee kwa sauti yenye kitu kinachokaribia heshima. "Sijapata kuona mwizi mwenye bidii namna ile."

Nilimuuliza alinunua kifaa cha namna gani. Akaniletea kisanduku chake cha karatasi, nami nikaleta changu, tukaviweka pamoja juu ya ukuta. Vilifanana kama mapacha waliovalishwa na mama mmoja, hadi mkwaruzo wa wino kwenye kona.

Mzee alimwita mpwa wake, ambaye ni fundi wa redio, kijana asiyesema sana. Fundi alitwambia tukae, kisha akagonga dirisha langu kwa kidole. Sebuleni kwa Mzee kukalia. Akachukua rimoti ya Mzee, akabonyeza. Taa yangu ikazimika. Akabonyeza ya kwangu. Sanduku la Mzee likatoa ule mlio wa dalili mbaya. Mkewe alitokeza kichwa mlangoni, akatutazama sote watatu, akarudi ndani bila neno. Mwishowe fundi aliubamiza mlango wa mbele wa Mzee, mlango uleule ambao Mzee alikuwa akitoka nao kwa hasira kumfukuzia mwizi, na taa yangu ikawaka ilhali skrubu imekazwa hadi mwisho.

Alifungua vifuniko, akatuonyesha. Vifaa vya namna hii hutuma habari kwa redio kwenye masafa ya megahezi 433.92, nayo mawimbi yake hupenya ukuta wa matofali bila kupiga hodi. Kinachomfanya kila mtu asikie cha kwake ni anwani inayotumwa pamoja na habari. Kwenye bodi kulikuwa na safu ya miguu minane ya chipu, na juu na chini ya kila mguu kidoa kidogo cha shaba kinachong'aa. Mguu unaweza kuunganishwa na kidoa cha juu, au cha chini, au ukaachwa huru, na kwa njia tatu kwa kila mguu mmoja wa ile minane zinapatikana anwani 6,561. Huko vilikotengenezwa, miguu yote iliachwa huru katika bodi yangu, na yote iliachwa huru katika bodi ya Mzee. Kati ya anwani 6,561 walichagua moja, wakatugawia sote.

"Kwa hiyo mwizi wangu ni huyu," Mzee alisema, akininyooshea fimbo.

"Na aliyekuwa akiizima alamu yangu ni wewe, Mzee," nilijibu kwa adabu.

Fundi hakuingilia kesi hiyo. Alipasha moto chombo chake cha kulehemu na kuanza kudondosha matone ya risasi, kwanza kwenye bodi ya kihisi changu, kisha kwenye sanduku, kisha kwenye rimoti, kwa mpangilio uleule katika zote tatu, maana tone moja likikaa mguu usio wake basi kifaa kimoja kinakuwa kiziwi kwa kingine. Akavirudia vya Mzee kwa mpangilio tofauti. Moshi mwembamba ulipanda, Mzee akashika tochi, mimi nikashika vifuniko.

Jaribio lilifaulu mara moja. Dirisha langu liligongwa, droo yangu ikanung'unika, kwa Mzee kukawa kimya. Mlango wa Mzee ulibamizwa, na king'ora chake kikalia peke yake, kirefu na safi, mpaka akakizima kwa rimoti yake mwenyewe, ambayo haikuzima cha mtu mwingine yeyote. Mimi ndiye niliyegundua kwamba kulikuwa na kitu kimepungua. Nilimuuliza fundi kwa nini safari hii hakukuwa na ule mwangwi wa nyuma ya nyumba.

"Mwangwi gani?" aliuliza, akiacha kukunja waya wake.

Kabla hatujamjibu, lango liligongwa. Alikuwa jirani wa nyumba ya nyuma, amekumbatia sanduku jeupe tulilokuwa tumeshalizoea sana macho, nyaya zikining'inia. Alitusalimia, akauliza kama ni kweli kwamba hapa yupo fundi, kwa sababu alamu yake ilikuwa ikifanya kazi vizuri ajabu, inalia mchana kutwa, na sasa hivi ghafla imekufa.