Tamar Alikuwa Mfalme

Wiki iliyopita nilirudishiwa makala niliyoiandika kuhusu ukoo wa Bagrationi, ule uliotawala Georgia kwa karne nyingi hadi Urusi ilipoanza kuzitwaa falme zao mwaka 1801, nikakuta kila mahali nilipomwita Tamar, mwanamke wa ukoo huo aliyetawala tangu karne ya kumi na mbili, "Mfalme Tamar" pamegeuzwa kuwa "Malkia Tamar". Pembeni mhariri alikuwa ameandika neno moja tu: kosa. Nimelisoma neno hilo mara nyingi tangu siku ile, na hasira bado haijanitoka.

Halikuwa kosa. Wageorgia wenyewe humwita Tamar Mepe, na mepe ndilo neno lile lile wanalomwitia Davit, babu wa baba yake, mfalme aliyeutwaa mji wa Tbilisi mwaka 1122. Mke wa mfalme ana neno lake jingine, dedopali, ambalo ndani yake mna neno la mama. Lugha yao, kama hii yetu, haitenganishi mwanamume na mwanamke katika sarufi, kwa hiyo anayetawala ni mepe, awe nani. Kiswahili nacho kina neno mfalme, lililo katika ngeli moja na mwalimu na mkulima, wala hakuna kiambishi chochote ndani yake kinachodai ndevu. Mwaka 2021 Samia Suluhu Hassan alipoapishwa, hakuna aliyehangaika kutafuta neno jingine la rais.

Tazama jinsi alivyoupata na kuushika ufalme huo. Mwaka 1177 ukoo wa Orbeli, uliokuwa na nguvu kuliko karibu wote nchini, ulimwasi baba yake, Giorgi wa Tatu, ukitaka kumtawaza Demna, mtoto wa ndugu yake. Giorgi aliuzima uasi huo, na mwaka uliofuata akamvika bintiye taji, wakatawala pamoja. Alipofariki mwaka 1184, makabaila hawakuridhika na taji lile la kwanza. Walitaka atawazwe upya, kisha wakamshurutisha awaondoe watumishi wakuu aliowarithi kwa baba yake. Qutlu Arslan, mkuu wa hazina, alidai liundwe baraza litakaloamua mambo ya nchi bila mtawala kuwamo. Tamar aliamuru akamatwe, wafuasi wake wakashika silaha, na badala ya jeshi akawatuma wanawake wawili wa koo za kikabaila, Khuashak na Kravai, waende kusema nao. Walisema nao, na silaha zikawekwa chini. Kila nikifika hapo husimama kidogo, kwa kuwa sijui watawala wengi wa karne ile ambao wangeufikiria ujumbe wa namna hiyo.

Kisha makabaila wakamchagulia mume, Yuri, mwana wa mtawala kutoka nchi za Rus, yaani za Waslavi wa mashariki. Ndoa ilifungwa mwaka 1185, na miaka miwili baadaye Tamar alilishawishi baraza la makabaila limkubalie talaka, akampeleka mtu huyo uhamishoni Constantinople. Yuri alirudi akiungwa mkono na sehemu ya makabaila. Akashindwa, akaachiwa aende zake. Akarudi tena, akashindwa tena. Mtu anayeweza kumwacha mume aliyepewa na wakubwa wa nchi, akamshinda vitani mara mbili na taji likabaki kichwani pake, si mke wa mfalme.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba Davit Soslan, mume wake wa pili, ndiye aliyeongoza majeshi katika vita vya Shamkor mwaka 1195 na baadaye vya Basiani, na kwamba herufi ya jina lake imo pamoja na ya Tamar katika sarafu za shaba za wakati ule. Nakubali pia jambo linaloniuma zaidi: upande wa Kiarabu wa sarafu hizo humwita Tamar malika, na ndiko lilikotoka neno letu malkia. Kwa hiyo mhariri anaweza kuniambia kwamba shaba yenyewe iko upande wake, na kwamba sote tulisema Malkia Elizabeth bila kumfikiria mume wake.

Lakini neno halisomwi peke yake. Nilimpa rafiki yangu makala ile baada ya kusahihishwa, bila kumweleza lolote, naye alipomaliza ukurasa wa kwanza akaniuliza: "Huyu malkia, mfalme wake alikuwa nani?" Hakuwa na nia mbaya. Malkia kwetu hubeba maana mbili, anayetawala na aliyeolewa na anayetawala, na msomaji asiyeijua Georgia huishika ile ya pili. Tukiwa na neno lisilo na utata huo, kwa nini tumnyime mwanamke aliyelipigania kwa miaka mingi?

Giorgi Lasha, mwana wa Tamar, alifariki mwaka 1223, na taji likamwendea dada yake. Makala yangu ya pili inamhusu huyo, na nimeipeleka jana kwa mhariri yule yule. Kichwa chake ni "Mfalme Rusudan".